Kibali cha kuongeza chumba Mombasa: anza na ardhi iliyo chini ya nyumba

Nyumba ya khalati wangu, ndugu wa mama, iko Majengo, na ni nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi mrefu unaopasua katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma uani penye jiko, choo na kisima. Mwanawe wa mwisho alipochumbia, khalati akaamua kumwaga slabu juu na kumjengea vyumba viwili. Pesa za chama zilikuwa zimeingia. Fundi alikuwa yule yule anayemjua tangu ujana. Alipouliza habari za kibali, fundi akamwambia, "Mama, hii ni karabati tu. Kibali ni cha wale wanaojenga maghorofa Nyali."

Malori mawili ya mawe yalikuwa yamekwisha shushwa mbele ya baraza kanjo, askari wa kaunti, walipopita. Hawakupiga kelele wala kubomoa chochote. Waliuliza ramani iko wapi, wakaandika notisi ya kusimamisha kazi, wakaenda zao. Mawe yakabaki pale, watoto wakawa wanayachezea, na mimi nikapewa bahasha ya karatasi za nyumba nikaambiwa nifuatilie.

Nilidhani nitakwama kwenye kaunta ya kaunti, kwa foleni na muhuri. Sikukwama huko. Nilikwama kabla ya kufika huko, kwa jambo lililokuwa chini ya sakafu ya khalati miaka yote ile, nalo ndilo linalowakwamisha watu wengi wa mji huu bila kujua. Kwa hiyo nitaeleza utaratibu mzima, lakini hapo kwenye ardhi nitakaa zaidi.

Karabati ipi inahitaji kibali

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Yenyewe haizungumzii ghorofa wala kibanda. Inazungumzia uendelezaji, na maana yake ni pana: kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi, na pia kubadilisha matumizi ya jengo lililopo. Mwenye kuanza uendelezaji bila ruhusa ya kaunti ametenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Tena faini hailihalalishi jengo. Kaunti bado ina mamlaka ya kukupa notisi ya utekelezaji inayokutaka ulirudishe jengo lilivyokuwa, kwa gharama yako.

Kupaka rangi, kubadilisha vigae, kutengeneza bomba linalovuja, kung'oa mlango ulioliwa na mchwa na kutia mwingine palepale, hayo ni matunzo. Hayaongezi jengo wala hayagusi kinacholibeba. Mambo hugeuka ukianza kugusa mifupa ya nyumba: kubomoa ukuta wa ndani ili ukumbi uwe mpana, kutoboa dirisha kubwa pasipokuwa na dirisha, kuinua paa, kumwaga slabu, kuongeza chumba uani, kuchimba shimo jipya la choo, hata kujenga ukuta wa ua unaopakana na njia.

Na kuna lile ambalo wengi hawalihesabu kabisa kuwa ujenzi: kugeuza chumba cha mbele kuwa duka. Mtu anavunja dirisha la upande wa njia, anatia mlango wa chuma, anapanga rafu za unga na sabuni. Kwa jicho la mwenye nyumba ni mlango tu. Kwa jicho la sheria nyumba ya kukaa imeanza kuwa nyumba ya biashara, na hilo lina maombi yake ya kubadilisha matumizi, pamoja na tangazo la wazi ili majirani wapate kusema neno. Leseni ya biashara haichukui nafasi ya ruhusa hiyo. Ni vitu viwili.

Ukiwa na shaka kazi yako iko upande gani, nenda ofisi ya kaunti ndogo yako. Mombasa zipo 6: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Uliza kwa barua, ujibiwe kwa barua. Jibu la mdomo halitakusaidia siku kanjo watakapokuja, kwa sababu watakaokuja huenda si wale uliozungumza nao.

Nyumba ni yako, kiwanja je?

Hapa ndipo Mombasa inapoachana na miji mingine ya Kenya.

Katika mitaa mingi ya mji huu, Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, nyumba ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Tunaita nyumba bila ardhi. Babu alikodi kiwanja kwa mwenye shamba, akajenga nyumba kwa pesa zake, na kila mwezi akawa analipa kodi ya kiwanja. Nyumba akaiuza, akairithisha, akaipangisha vyumba, na ardhi ikabaki ya yule mwingine. Mpango huu umelea familia nyingi. Mtu asiye na uwezo wa kununua shamba aliweza kuwa na nyumba mjini, akasomesha watoto kwa kodi ya vyumba.

Lakini sheria ya ardhi tuliyorithi kwa Waingereza ina kanuni ya kale: kilichoshikamana na ardhi ni cha ardhi. Haikuitambua vizuri nyumba isiyo na ardhi, wala haiitambui vizuri hadi leo. Na makubaliano ya zamani baina ya mwenye ardhi na mpangaji wa kiwanja mara nyingi yalikuwa ya mdomo, au ya risiti tu, na mara nyingi yalikuwa na sharti: nyumba iwe ya udongo na makuti, isiwe ya kudumu, isiwe na ghorofa. Mwenye ardhi alitaka siku akitaka ardhi yake aweze kuipata. Miaka ikapita, udongo ukawa mawe, makuti yakawa mabati, na kila mtu akanyamaza kwa kuwa kodi ilikuwa inaingia.

Ukipeleka maombi ya kibali, ule ukimya unakwisha. Kaunti inataka nakala ya hatimiliki ya kiwanja na matokeo ya sachi ya karibuni kutoka ofisi ya ardhi kuonyesha jina lililo kwenye hati. Inataka pia cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi ya kaunti, ile tunayoiita reti. Kama jina kwenye hati si lako, unahitaji idhini ya maandishi ya mwenye jina. Risiti za kodi ya kiwanja, hata ziwe za miaka 50, zinaonyesha kwamba wewe ni mpangaji wa kiwanja. Hazionyeshi kwamba una haki ya kuongeza ghorofa.

Khalati alikuwa na risiti zake ndani ya bati la biskuti, zimefungwa kwa mpira, za karibuni juu, za marehemu mumewe katikati, na za baba mkwe chini kabisa, zimekuwa rangi ya chai na kingo zake zinakatika ukizigusa. Alinikabidhi kama mtu anayekabidhi dhahabu. Ilinibidi nimwambie kwamba karatasi tunayoihitaji haimo humo. Ni moja ya mambo mazito niliyowahi kumwambia, kwa sababu alikuwa amekaa miaka yote akiamini kwamba mwenye kulipa bila kukosa hana deni la mtu.

Mwenye ardhi alikuwa amefariki. Watoto wake wanne hawajafanya mirathi. Wawili wako Mombasa, mmoja Malindi, mmoja Maskati. Kodi ilikuwa ikipokewa na mkubwa wao, na yeye peke yake hawezi kutoa idhini ya maana, kwa sababu hati bado ina jina la baba yao. Hapa ndipo miezi yangu ilipokwenda. Si kwenye kaunti.

Hata wewe mwenye ardhi yako, angalia jina kwenye hati kabla ya kumlipa mchoraji hata shilingi. Nyumba nyingi za familia bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Hapo lazima mirathi kwanza. Kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake, mahakama ya Kadhi inashughulikia urithi, na kwetu Mombasa haiko mbali. Wengine watakwenda mahakama za kawaida. Kama nyumba ni wakfu, basi hata warithi wakikubaliana wote hawawezi kuamua wenyewe, kwa kuwa mali ya wakfu haina wa kuirithi. Utahitaji idhini ya mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, na ya Tume ya Wakfu, ambayo makao yake yako hapahapa Mombasa. Na kama kiwanja chako ni cha kukodi kwa serikali, si cha kumiliki moja kwa moja, soma masharti yaliyoandikwa kwenye hati yenyewe, maana wakati mwingine yanataja nyumba ngapi zinaruhusiwa na za matumizi gani.

Nashauri hivi kwa sababu nimeona pesa zikipotea. Mchoro unagharimu, na mchoro wa nyumba ambayo huwezi kuiombea kibali ni karatasi ya kufungia maandazi. Sachi ni bei ndogo na inachukua muda mfupi. Ianze hiyo.

Kile ambacho mhandisi alikiona

Wakati tunawasubiri warithi, nilimwomba mhandisi aje aiangalie nyumba. Alifika asubuhi, hakuangalia juu kwanza. Aliomba jembe, akachimba pembeni ya ukuta wa uani mpaka alipopata mwisho wa msingi. Ulikuwa futi moja na nusu, hivi. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaichomeka baina ya mawe mawili ya matumbawe na kuikokota taratibu. Chokaa na udongo uliokuwa umeyashika vikamwagika kama unga wa muhogo kwenye kiatu chake. Akamtazama khalati akasema, "Mama, ukuta huu umebeba mabati kwa miaka mingi, na utaendelea kuyabeba. Slabu hautaibeba." Nyumba haikuwa na nguzo hata moja. Kuta ndizo zilizokuwa zikishikilia kila kitu.

Fundi alikuwepo, na nampa haki yake: hakubisha. Alinyamaza, kisha akauliza kama wangeweza kusimamisha nguzo mpya kutoka chini, zipite ndani ya vyumba. Mhandisi akasema inawezekana, lakini hiyo sasa ni nyumba mpya iliyojengwa ndani ya nyumba ya zamani, na bei yake ni ya nyumba mpya.

Hii ndiyo sababu kaunti haipokei mchoro tu. Inataka mchoro wa msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi yake, na ukigusa slabu, nguzo au msingi, inataka michoro ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa naye na bodi ya wahandisi, yenye sahihi na muhuri. Wengi huona ni njia ya kuongeza gharama. Aprili 2016, huko Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua watu takriban 50. Sahihi ya mhandisi ni ya mtu anayeweza kuulizwa jengo likianguka. Fundi mzuri ana mikono mizuri, lakini hana hesabu ya uzito.

Na kwetu pwani kuna adui mwingine, chumvi. Upepo wa kusi unaileta kutoka baharini miezi mizima, na wapo wanaochanganya saruji kwa mchanga wa ufuoni kwa kuwa ni wa karibu na wa rahisi. Chumvi ikifika kwenye vyuma ndani ya zege, vyuma vinapata kutu, na chuma chenye kutu huvimba. Kikivimba kinapasua zege kutoka ndani. Tembea kwenye njia yoyote ya mji utaona: kona ya balkoni imemomonyoka, vyuma vyekundu vimetoka nje kama mbavu. Tiba yake ni mchanga wa mtoni uliooshwa na zege nene ya kutosha kuufunika kila upande wa chuma, na hayo huandikwa kwenye michoro ya mhandisi ili fundi asikisie.

Nchi sasa ina Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024, iliyokuja kuiondoa ile ya 1968. Muulize mchoraji wako kama anaifuata mpya, kwa sababu wako waliokuwa wamezoea ile ya zamani miaka yote.

Mji wa Kale ni habari nyingine

Kama nyumba iko Mji wa Kale, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni, au kando ya Ndia Kuu, kabla ya kaunti kuna mlango mwingine. Eneo hili limehifadhiwa kisheria, na liko kwenye ukingo wa Fort Jesus, ambayo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, huangalia michoro kabla haijapita. Wanaangalia sura ya mbele, urefu wa jengo, balkoni za mbao, milango ya nakshi, madirisha, na vifaa unavyotaka kutumia.

Watu wa Mji wa Kale wanalalamika kwamba wanazuiwa kuishi maisha ya leo kwa ajili ya watalii, na sitawalaumu. Kulinda balkoni ya mbao ni gharama, na mwenye kuilipa ni familia. Lakini kuna sharti moja ambalo hata lisingekuwepo ningemsihi mtu alifuate: usipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa. Ukuta ule unapumua. Unanyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani kupitia chokaa. Ukiufunga kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inajikusanya, na baada ya masika kadhaa lipu inabambuka ikiwa imeshika vipande vya jiwe. Kisha boriti za dari, zile nguzo za mikoko zilizofanya vyumba vyetu viwe vyembamba kwa kuwa hazipatikani ndefu, zinaoza mahali zinapoingia ukutani. Mwenye nyumba analaumu uzee wa nyumba, kumbe nyumba imezibwa pumzi.

Pale kwenye kaunta

Ukishakuwa na ardhi iliyonyooka na michoro yenye mihuri, njia ya kaunti ni fupi kuliko inavyosemwa. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa kaunti wa mtandaoni, na kwa kawaida msanifu ndiye anayeyaingiza kwa akaunti yake. Mwombe akuonyeshe namba ya maombi na tarehe yaliyopokewa. Iandike mahali. Tarehe hiyo ni yako, na nitaeleza kwa nini.

Ada inapigwa kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya Kaunti, ambayo hupitishwa upya mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usitegemee bei aliyolipa jirani. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti na utunze risiti. Ukiombwa pesa taslimu mkononi ili faili isonge, jua kwamba hujanunua kibali. Siku yule mtu atakapohamishwa huna kitu cha kuonyesha.

Faili hupita kwa watu kadhaa. Afisa wa mipango anaangalia kama matumizi yanakubalika mtaa ule, umeacha nafasi gani kati ya ukuta wako na wa jirani, na kiwanja kimejaa kiasi gani. Mhandisi wa kaunti anazisoma hesabu za mwenzake. Afisa wa afya ya umma anaangalia hewa, mwanga na choo. Hapa kwetu huyu wa afya ana kazi kubwa kuliko anavyoheshimiwa. Sehemu kubwa ya mji haina bomba la maji taka, watu wanatumia mashimo, na visima viko uani huko huko. Ukiongeza vyumba viwili vya wapangaji umeongeza watu wanane kwenye shimo lile lile, na maji ya shimo hayana mahali pa kwenda ila ardhini, ambako na kisima kinanywa. Akikuuliza shimo liko hatua ngapi kutoka kisimani, anauliza kwa ajili ya watoto wako na wa jirani.

Chumba kimoja cha familia hakikupeleki mbali zaidi ya hapo. Ukiigeuza nyumba kuwa fleti za kupangisha, NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo inaingia, kwa Sheria ya Mazingira ya 1999. Ukitaka kuwa juu sana karibu na uwanja wa ndege wa Moi, huko Changamwe na Port Reitz, mamlaka ya usafiri wa anga ina neno lake. Ukipita chini ya nyaya kubwa za umeme, kampuni ya umeme ina njia yake ambayo huwezi kujengea.

Sasa ile tarehe. Sheria ya 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Watu wanaisikia hii wakaifurahia, nami naomba ieleweke vizuri. Siku 60 huhesabiwa tangu maombi yaliyokamilika. Kama kaunti ilikuandikia siku ya 20 ikitaka mchoro wa choo, umejibiwa, na huwezi kusema walinyamaza. Na hata kama walinyamaza kweli, usianze kuchimba siku ya 61. Andika barua, taja namba ya maombi, taja tarehe, sema unategemea kifungu hicho, ipelekwe na igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukisimama mbele ya kanjo bila karatasi hiyo, una haki usiyoweza kuionyesha.

Ukikataliwa, lazima upewe sababu kwa maandishi. Una siku 14 kukata rufaa kwa Kamati ya Upatanishi ya Mipango ya Kaunti, na ukishindwa huko, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno kwa mtu anayetafuta wakili kwa kuuliza uliza, kwa hiyo usiiweke ile barua juu ya kabati. Kabla ya rufaa, isome. Sababu nyingi za kukataliwa ni mambo yanayorekebishika: ukuta umekaribia mpaka, dirisha linamtazama jirani chumbani, ngazi ni nyembamba.

Kibali kikitoka, kazi bado haijaruhusiwa kuanza mpaka mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Hapo unaonyesha michoro iliyopitishwa na jina la mkandarasi aliyesajiliwa. Fundi wako wa siku zote anaweza kuendelea kushika mwiko, lakini kwa kawaida lazima kuwe na mkandarasi anayewajibika. Kibao cha mradi kinasimamishwa mbele, kinaonekana kutoka njiani.

Kama umekwisha jenga bila kibali, na najua wengi wanaosoma hapa wamekwisha, kungoja si tiba. Mlete mhandisi alikague jengo lilivyo, aandike ripoti, msanifu alichore lilivyo, mpeleke maombi ya kulirasimisha kabla hamjaletewa notisi. Huenda mkatakiwa kuongeza nguzo au kubomoa sehemu. Ni afadhali kubomoa sehemu kwa mpango wako mwenyewe.

Mwisho wa uani

Warithi walikutana kwenye simu, yule wa Maskati akiwa kwenye spika, khalati akiwa ameketi mkekani na bati lake la biskuti. Walikubali kufanya mirathi, na mkubwa wao akasema jambo ambalo sikulitegemea: baba yao aliwaambia kabla hajafa kwamba watu wa nyumba ile wasisumbuliwe. Lakini ghorofa walikataa, wote wanne. Wakampa idhini ya chumba kimoja uani, chini, cha mabati juu, na wakakubali kuandikiana mkataba wa kiwanja wenye miaka na kodi ndani yake, badala ya risiti. Baada ya yale aliyoyasema mhandisi, khalati hakuisikitikia slabu sana. Mkataba ule ndio aliousoma mara mbili, miwani puani, kidole kikifuata mstari.

Cheti cha mirathi kilipotoka, michoro ikaingia, na kibali kikapatikana kikiwa na masharti mawili: choo kitumie shimo jipya upande wa pili wa uani, mbali na kisima, na ukaguzi wa msingi ufanyike kabla ya kumwaga zege. Harusi ilikuwa imekwisha pita. Maarusi walikuwa wamepanga Tudor kwa muda.

Siku ya ukaguzi afisa wa kaunti alikuja saa nne, na kadi yake ya ukaguzi mkononi. Aliteremsha fimbo ya kupimia kwenye mtaro pembe zote nne. Akainama, akatia vidole chini ya vyuma, akatikisa kichwa: vilikuwa vimelala juu ya udongo. Fundi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alichukua vipande vya zege alivyokuwa amevimwaga jana yake, vidogo kama vipande vya halua, akavisukuma chini ya kila chuma mpaka vyote vikainuka. Afisa akapima tena, akaweka sahihi. Zege ikaanza kumwagwa baada ya adhuhuri, na khalati alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akihesabu mifuko ya saruji kwa sauti.